Afisa wa Serikali Akija Kuona Rafu Yako: Mwongozo kwa Mtunza Maktaba wa Laini Saba

Kama unatunza chumba cha kusomea Laini Saba, hapa Kibera, kiwe cha kanisa, cha kikundi cha vijana au kona ya darasa iliyowekwa rafu mbili, ipo siku simu italia na sauti ya adabu itasema: "Sisi ni wa kutoka ofisi fulani, tungependa kuitembelea maktaba yenu wiki ijayo." Wengi wakipata simu hiyo hukimbilia ufagio. Mlango hupakwa rangi, viti hukodiwa, watoto hufundishwa wimbo. Weka ufagio kando kwanza, shika kalamu. Ofisi ambayo kwa kawaida unaifuata kwa matatu, foleni na "rudi kesho" sasa inakuja kwako. Mgeni njoo mwenyeji apone, na mwenyeji wa maktaba huponea karatasi. Ziara ambayo haikuacha karatasi wala ahadi iliyoandikwa ilikuwa matembezi tu.

Tuelewane kuhusu karatasi hiyo. Si vitabu vya hadithi wala vya kudurusu mitihani, ingawa hivyo ndivyo vyenye wasomaji wengi. Nasema nyaraka za umma: Gazeti Rasmi la Serikali, mipango na bajeti za kaunti, ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, taarifa za sensa, ripoti za athari kwa mazingira, kumbukumbu za mijadala ya bunge. Kwa sheria, nakala hizi zina njia yake. Sura ya 19 ya Sheria za Kenya, iliyotungwa mwaka 1965, inaitaka kila ofisi ya serikali ipeleke nakala mbili za machapisho yake kwa Idara ya Nyaraka za Kitaifa, yaani lile jumba la Moi Avenue lililokuwa Benki ya India. Sura ya 111 nayo inawadai wachapishaji nakala za vitabu na magazeti. Njia hiyo inaishia mjini. Kutoka Moi Avenue hadi Laini Saba ni mwendo ambao mtu wa mjengo huutembea kwa miguu kila siku ya kazi, lakini nakala haiji mpaka pawe na wa kuibeba.

Mgeni ni wa nani?

Swali la kwanza kwenye simu ni hili: unatoka ofisi gani, na unakuja kuona nini hasa? Usikubali jibu la "sisi ni wa serikali". Omba jina, cheo na barua fupi, hata ya WhatsApp, kwa sababu kila ofisi ina kitu chake inachoweza kukuachia, na ukiomba kisichokuwa chake utapewa tabasamu.

Mkutubi wa Huduma ya Maktaba za Kitaifa, KNLS, ataangalia rafu, wasomaji na jinsi unavyoazimisha vitabu. Huyu ni mtu wa fani, atakusaidia kupanga na kuweka alama. Muulize pia jinsi tawi la KNLS lililopo Kibera linavyoweza kushirikiana nawe, maana tawi hilo limewahi kusifiwa hata nje ya nchi kwa kazi yake ya kuwafundisha watoto kwa kompyuta kibao. Ila mkutubi hana bajeti ya kaunti mfukoni. Hiyo muulize afisa wa kaunti, na anapokuja mkumbushe kwa upole kwamba Jedwali la Nne la Katiba limeziweka maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti.

Afisa wa Nyaraka za Kitaifa ni mgeni wa namna nyingine. Sheria inampa mkurugenzi wake uwezo wa kukagua kumbukumbu zilizo katika ofisi za umma na kushauri zitunzwe vipi. Chumba chako si ofisi ya umma, kwa hiyo kwako anakuja kama mshauri. Lakini kama miongoni mwa vitu mlivyopewa na mzee fulani kuna faili halisi la ofisi ya chifu wa zamani au daftari la baraza, mwonyeshe. Hicho ni kitu cha umma kilichopotea njia. Mkubaliane arudishe asili na kukuachia nakala, na mkubaliane kwa maandishi kabla faili halijaingia kwenye mkoba.

Wa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman, ndio wasimamizi wa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Wakija hao, nusu ya mwongozo huu watakueleza wenyewe. Wa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, wana ripoti za athari kwa mazingira. Wa Shirika la Takwimu la Kitaifa wana sensa. Na kuna wageni wanaokuja kwa sababu mwaka wa fedha unakwisha Juni na ripoti yao inahitaji picha. Hao nao wakaribishe, chai haiharibiki.

Rafu iwe na nini kabla hawajafika

Afisa akikuta rafu tupu, atakuonea huruma na kukuahidi vitabu. Akikuta rafu iliyoanzwa na yenye pengo linaloonekana, atajua cha kuleta. Kwa hiyo anza mwenyewe, hata kwa nakala za saiba.

La kwanza ni Gazeti Rasmi. Limechapishwa tangu 1899, mwaka uleule reli ilipofika Nairobi, na bado hutoka kila Ijumaa, pamoja na matoleo maalumu jambo likiwa la haraka. Huna haja ya kulinunua lote. Shirika la Kenya Law limeweka matoleo, ya zamani na mapya, kwenye tovuti yake bila malipo. Kijana mmoja mwenye simu na bando anaweza kupitia toleo la wiki na kuchapisha ukurasa unaohusu Nairobi tu: ardhi inayotwaliwa kwa mradi wa umma, ombi la leseni, uteuzi wa bodi, tangazo la mazingira. Karatasi mbili tatu kwa wiki, zitobolewe, ziingie kwenye faili kwa mpangilio wa tarehe.

Kwa nini ujisumbue? Angalia historia ya ardhi unayokanyaga. Mwaka 1918 ilitangazwa rasmi kwamba zaidi ya ekari 4,000 hapa ni hifadhi ya jeshi, Wanubi waliotumikia jeshi la Mwingereza wakiwa tayari wanaishi humo. Tume ya Ardhi ya Carter iliizungumzia Kibera katika ripoti yake ya miaka ya 1930. Ilipofika 2017 jamii ya Wanubi ikakabidhiwa hati ya ekari 288. Kati ya tangazo la kwanza na hati hiyo ni karibu miaka mia moja, na katika miaka yote hiyo mwenye kubishana bila karatasi alikuwa anabishana na upepo. Mwaka 2018, mwezi wa Julai, tingatinga zilipobomoa nyumba na madarasa ya Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road, watu walikuwa wakiulizana njiani barabara inapita wapi hasa na nani ameorodheshwa. Ramani ya mradi na mpango wa kuwahamisha watu ni nyaraka za umma. Mahali pa kuzisoma ni mtaani, miezi kabla ya alama nyekundu kuchorwa ukutani.

La pili ni sensa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nina donge langu. Kwa miaka mingi kila mgeni aliyepiga picha ya mabati kutoka juu ya reli alikwenda kuandika kwamba Kibera ina watu milioni moja. Sensa ya 2009 ikatoa 170,070. Wapo waliokubali na wapo waliokataa, na hoja za wanaokataa hazikosi maana, kwani kuhesabu watu katika vyumba vya kupanga vinavyobadilisha wapangaji kila mwezi si kazi nyepesi. Lakini bishana ukiwa na kitabu mkononi. Idadi ya vyoo, madarasa na dawa za kliniki inakadiriwa kutokana na hesabu hizo, si kutokana na picha. Weka kwenye rafu majedwali ya 2009 na ya 2019 yanayohusu Kibera, na mwanafunzi wa kidato cha tatu ayalinganishe mwenyewe.

La tatu ni pesa za kaunti. Laini Saba ni wadi, mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Kibra, na Nairobi nzima ina wadi 85. Kwa hiyo katika kitabu cha bajeti cha kurasa mamia, wewe unatafuta mistari michache tu. Chapisha hiyo mistari. Mpango wa miaka mitano wa kaunti, mpango wa maendeleo wa mwaka, makadirio ya bajeti, na taarifa za utekelezaji za kila robo mwaka: hizo nne zikikaa pamoja unaweza kuona taa ya barabarani ikiahidiwa, ikitengewa pesa, na kisha ikitoweka au ikiwaka. Ongezea ripoti ya Mkaguzi Mkuu kuhusu Kaunti ya Jiji la Nairobi. Lugha yake ni kavu, lakini hakuna mwandishi wa riwaya anayemfikia kwa sentensi ya kuanzia "stakabadhi hazikuwasilishwa kwa ukaguzi".

Ripoti za mazingira, ripoti za bunge na sheria ndogo za kaunti zifuate baadaye kadiri watu wanavyoziulizia.

Kama maktaba yako iko mtaa mwingine wa Nairobi, tuseme Kawangware, rafu ya kaunti ni ileile, ila badilisha wadi na eneo bunge: wewe ni wa Dagoretti Kaskazini. Na rafu ya ardhi ni tofauti kabisa. Kibera ilianza kama ardhi ya serikali, ilhali sehemu kubwa ya Dagoretti ina hatimiliki za watu binafsi tangu zamani. Usinakili faili la Laini Saba ukadhani linajibu maswali ya Kawangware.

Daftari la walioondoka bila jibu

Maktaba nyingi zina daftari la wageni: jina, simu, sahihi. Anzisha la pili lenye safu tatu tu, yaani tarehe, kilichoulizwa na jibu. "Mama aliuliza kama kliniki ya wadi imetengewa pesa mwaka huu. Hatukuwa nayo." "Fundi aliuliza tangazo la reli linasema mita ngapi kutoka kwenye njia. Hatukuwa nalo." Usiandike jina wala namba ya simu. Anayeuliza kuhusu kubomolewa au kuhusu pesa za mradi ana haki ya kuuliza bila afisa, chifu au mwenye nyumba kujua ni nani, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iko upande wake.

Daftari hilo ndilo utakalomwonyesha mgeni kabla ya kitu kingine chochote. Takwimu za wasomaji kila mtu anazo, na kila mtu huzitia chumvi. Orodha ya maswali ya watu wa Laini Saba yaliyokosa jibu kwa sababu nakala haikufika haiwezi kutiwa chumvi. Inamtoa afisa kwenye hotuba na kumrudisha kwenye kazi yake.

Kupanga siku yenyewe

Mwombe aje siku ya kazi asubuhi, watoto wakiwa darasani na watu wazima wakipata nafasi ya kuongea. Katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, mwambie ukweli kuhusu viatu. Gari litabaki barabarani. Tuma mtu mmoja anayejulikana akawapokee pale, awapitishe njia ambayo watu wote hupita, wala si ile iliyofagiliwa jana. Mtaro uliojaa takataka nao una mstari wake kwenye bajeti ya wadi, waache wauruke kama sisi.

Mjulishe chifu na msimamizi wa wadi. Hii ni heshima, na pia ni kinga, maana mgeni wa serikali akipita bila wao kujua, lawama itakurudia wewe. Lakini kujulishwa si kukabidhiwa ratiba. Ukiachia, saa mbili zitaisha kwa salamu za viongozi na mgeni ataondoka bila kugusa rafu. Sema mapema: salamu fupi, rafu, daftari, mazungumzo, chai.

Kuhusu chai. Andaa chai na mandazi, usiandae bahasha. Posho ya kulala nje serikalini humlipa afisa aliyetumwa mbali na kituo chake, na kutoka Upper Hill kuja Laini Saba hakulali mtu nje. Akidokeza "nauli" au "mafuta", mwambie kikundi hakina fungu hilo, kisha mwongezee chai. Vivyo hivyo usikodi hema kwa pesa za vitabu.

Picha watapiga tu. Za watoto zipigwe kwa ruhusa ya wazazi, kama sheria hiyohiyo ya data inavyotaka, na wewe uwe na fomu za ruhusa tayari kabla ya siku yenyewe. Kuomba radhi baadaye hakufuti picha.

Mgeni akiwa ndani

Mketishe mahali wasomaji wanapokaa, si kwenye kiti cha plastiki kilichofunikwa kitambaa mbele ya umati. Mpe daftari la maswali. Nyamaza kidogo asome.

Halafu uliza mambo haya kwa lugha nyepesi. Kati ya haya yaliyoulizwa, yapi yako katika ofisi yako? Nani hasa ndiye mwenye jukumu la kutoa habari pale kwenu, jina na meza yake? Je, mna nakala za ziada za miaka iliyopita? Swali hili la mwisho lina baraka. Ofisi nyingi zina maboksi ya ripoti zilizochapishwa kwa wingi na kubaki stoo zikingoja kuuzwa kwa uzito. Afisa anayehangaika na stoo iliyojaa atafurahi kukuona. Ila ukubali tu unachoweza kuweka, maana nakala arobaini za ripoti ileile ya zamani zitakula rafu nzima.

Yeye naye atakuuliza: karatasi ikiletwa, itakaa wapi? Jibu lionekane. Rafu iwe juu ya sakafu angalau kimo cha kiganja na nusu, iwe mbali na ukuta wa mabati unaotoa jasho usiku, isipigwe na jua la adhuhuri. Panya na maji ndio wakutubi wabaya zaidi wa Kibera. Sanduku la plastiki lenye kifuniko huokoa Gazeti Rasmi kuliko kabati la mbao lililooza chini.

Kabla hajasimama, andikeni. Ukurasa mmoja unatosha: nani alikuja, lini, alionyeshwa nini, ameahidi nini na kufikia tarehe gani. Asome, atie sahihi, apige picha nakala yake. Wengine husita kutia sahihi ahadi. Basi aandike mwenyewe maneno anayoweza kuyatimiza. Ahadi ndogo iliyoandikwa na mwenyewe ni bora kuliko tani ya vitabu ya mdomoni.

Barua ya kumkabidhi papo hapo

Usingoje aende ofisini ndipo uandike. Kuwa na ombi lako limeshachapishwa, umpe mkononi, na nakala yako ipokewe kwa tarehe na sahihi. Sheria ya 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyeweza kuandika husaidiwa na afisa kuliweka ombi lake kwenye maandishi. Huhitaji kutoa sababu, na kuwasilisha ombi hakulipiwi, ila unaweza kutozwa gharama halisi ya kutoa nakala. Haki hii ni ya raia, kwa hiyo ombi liandikwe na mtu kwa jina lake. Kwa mfano:

"Kwa Afisa wa Upatikanaji wa Habari. Mimi ni raia wa Kenya na mtunza maktaba ya jamii katika wadi ya Laini Saba. Kwa mujibu wa kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala ya taarifa za utekelezaji wa bajeti ya Kaunti ya Jiji la Nairobi kwa mwaka wa fedha uliopita, kurasa zinazohusu miradi ya wadi ya Laini Saba: jina la mradi, mahali, kiasi kilichotengwa, kiasi kilicholipwa, na mkandarasi. Naomba nakala za karatasi, na kama faili la kompyuta lipo, nitumiwe pia kwa barua pepe iliyo hapa chini."

Tazama jinsi ombi hili lilivyo jembamba. Ukiandika "naomba habari zote za maendeleo ya Kibera", umempa afisa sababu halali ya kukuuliza maswali hadi uchoke. Taja waraka kwa jina lake, mwaka wake na wadi yake. Tena omba kimoja kwa barua moja.

Kuanzia siku ya kupokelewa, ofisi ina siku 21 za kukujibu. Inaweza kujiongezea muda mara moja, usiozidi siku 14, kama ombi ni kubwa au linahitaji kuulizia kwingine. Kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Kama habari iko ofisi nyingine, ombi lihamishwe huko ndani ya siku tano, wala si wewe kuzungushwa mjini na bahasha. Ukimya ukipita muda huo huhesabiwa kuwa umekataliwa, na hapo, au ukikataliwa waziwazi, una siku 30 za kuomba Tume ya Haki ya Utawala iupitie uamuzi huo. Tume iko West End Towers, Waiyaki Way, na kwa mtu wa Kawangware hiyo ni karibu kuliko City Hall.

Zipo habari utakazonyimwa kihalali, kama za usalama wa taifa au siri za watu binafsi. Orodha ya walengwa wa fidia yenye namba za vitambulisho utapewa imefutwa majina, na ni sawa. Bajeti ya taa za barabarani si siri ya taifa.

Ukienda wewe kwao

Ziara hulipwa kwa ziara. Chagua watu wachache wanaosoma kwelikweli, mwende Jumba la Nyaraka za Kitaifa. Ghorofa ya chini kuna mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, na wengi huishia hapo wakidhani ndio mwisho. Pandeni kwenye chumba cha kusomea. Beba kitambulisho, penseli na pesa kidogo za kibali na za nakala. Kwa kanuni ya kawaida kumbukumbu za serikali hufunguliwa zikitimiza miaka 30, kwa hiyo msitafute humo bomoabomoa ya 2018. Tafuteni Kibera ya mkoloni na ya miaka ya mwanzo ya uhuru. Maktaba ya McMillan nayo, iliyofunguliwa 1931 na ambayo Mwafrika hakuruhusiwa kuingia hadi 1958, ina magazeti ya zamani sana yanayojaza mapengo ya faili za serikali.

Mkiwa huko msiridhike na orodha mnayopewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kenya iliwaweka maafisa wake wa nyaraka London, wakinakili kwa mikrofilamu kumbukumbu zinazoihusu nchi hii. Walinakili walichoonyeshwa. Ni mwaka 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau dhidi ya serikali ya Uingereza ikiendelea, ndipo serikali hiyo ilipokiri kwamba ina maelfu ya faili za makoloni yake ya zamani zilizofichwa Hanslope Park, hukohuko Uingereza, za Kenya zikiwemo, ambazo hazikuwa kwenye orodha yoyote ya wazi. Kwa hiyo muulize mtunza nyaraka: ni kipi kinachohusu Kibera ambacho hakijaorodheshwa bado? Pengine atakwambia kuna maboksi hayajafunguliwa. Andika hilo kwenye daftari lako.

Baada ya wageni kuondoka

Kila nakala inayoingia ipigwe muhuri wa tarehe na iandikwe imetoka kwa nani. Inayochukuliwa nafasi na mpya isitupwe. Mpango wa mwaka juzi ndio pekee unaoweza kuonyesha kwamba mradi wa mwaka huu uliahidiwa tayari na kulipiwa.

Nyingi zitakuwa kwa Kiingereza, na cha kiofisi tena. Mtu aliyetoka kibaruani hawezi kukaa na kurasa 300 za namna hiyo. Chukua ukurasa unaotuhusu, uandike kwa Kiswahili mistari sita au saba, utaje ukurasa wa asili, ubandike mlangoni. Usiweke maoni yako hapo. Maoni yatakuja yenyewe mbele ya mlango, na kwa sauti.

Na ile namba ya afisa aliyekuja usiipoteze. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na taarifa za robo mwaka ndani ya mwezi mmoja baada ya robo kwisha. Ziandike kwenye kalenda ya ukutani, juu ya meza yako. Siku inayofuata kila mojawapo ya tarehe hizo, mpigie: "Habari ya kazi, ni mimi wa maktaba ya Laini Saba. Ule waraka umetoka. Utatuletea, au tuje kuuchukua?"